Kimya Kingi Kina Mshindo: Historia ya Mlio wa Diski

Huenda kizazi changu ndicho cha mwisho kuijua kompyuta kwa sauti yake. Ulibonyeza kitufe, feni ikaamka, kisha ndani ya boksi kikaanza kuzunguka kitu usichokiona: mvumo uliopanda polepole mpaka ukatulia, halafu mikwaruzo midogomidogo kama panya darini. Mvumo ulikuwa wa mota. Mikwaruzo ilikuwa ya vichwa vya kusomea vikikimbia huku na huku juu ya sahani za sumaku kutafuta faili. Wadogo zetu waliokulia kwenye simu na laptopu nyembamba hawaijui sauti hiyo. Kwao kompyuta ni bubu tangu kuzaliwa.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu ya tasnifu yangu inategemea mahojiano ya sauti na wazee waliowahi kupakua mizigo bandarini Dar es Salaam. Mwanahistoria wa karatasi hujifunza mapema habari za mchwa, unyevu na wino unaofifia. Anayetegemea sauti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta naye anapaswa kukijua chombo chake. Ndivyo nilivyoanza kusoma historia ya diski ngumu, na nikajikuta nikifuata swali moja ambalo mafundi na wanunuzi wamelijibu kwa imani kwa miaka mingi: je, mlio wa diski unasema ukweli kuhusu uzima wake?

Historia yenyewe inaanzia San Jose, California. Mwaka 1952 IBM ilimtuma huko Reynold Johnson, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuwa mhandisi, aanzishe maabara ndogo. Septemba 1956 kampuni ikatangaza mashine iliyoitwa 305 RAMAC. Kabati lake la kuhifadhia data lilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulikaribia tani moja, na lilibeba herufi milioni 5, ambazo leo ni kama picha moja tu ya simu. Rangi ya sumaku iliyopakwa kwenye sahani ilichujwa kwanza kwa soksi ndefu za kike za hariri. Kichwa cha kusomea hakikutakiwa kuigusa sahani, kwa hiyo kilipuliziwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa ili kielee. Kelele ya kwanza ya diski, basi, ilikuwa ya hewa: kompresa, na sahani hamsini nzito zikipasua hewa ya chumba. Mashine iliishi kwenye chumba chake, na walioisikia walilipwa mshahara kwa kukaa nayo.

Tangu siku hizo adui wa diski alikuwa kusubiri. Kichwa kikishafika kwenye mstari wenye data, lazima kingoje sahani izunguke mpaka kipande kinachotakiwa kipite chini yake, na kwa wastani hungoja nusu mzunguko. Kwa RAMAC hiyo ilikuwa milisekunde 25. Baadaye kasi ya kawaida ikawa mizunguko 3,600 kwa dakika, na sababu yake haikuwa na uhusiano wowote na data. Umeme wa Marekani hubadilika mara 60 kwa sekunde, mota ikafuata umeme, na 60 mara 60 ni 3,600. Mwaka 1973 IBM ikaleta modeli 3340, iliyojulikana kwa jina la Winchester, ambayo vichwa na sahani vilifungiwa pamoja, na kichwa kiliruhusiwa kutua juu ya sahani yenye mafuta mashine ikizimwa. Mwaka 1980 Seagate wakauza ST-506, diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5. Ilikuwa na uwezo wa RAMAC, lakini uliweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo kelele ilipobadilika kuwa tatizo. Diski ilitoka kwenye chumba cha mashine ikaingia mezani, kando ya mtu anayeandika barua, na baadaye chumbani kwa mwanafunzi anayetaka kulala.

Kisha zikaja mbio. Mwaka 1992 Seagate walileta Barracuda, diski ya kwanza ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Mwaka 1996 wakaja na Cheetah, 10,000. Mwaka 2000 Cheetah X15 ikafika 15,000. Majina yalikuwa ya samaki mkali na ya duma, na wanyama hao waliuzwa kwa mabenki, kampuni za simu na yeyote mwenye seva ambaye hakuweza kungoja. Katika mizunguko 15,000, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 4 na wastani wa kungoja ni 2. Ukilinganisha na 25 za RAMAC, utasema wahandisi walifanya miaka 44 ya kazi ili kuokoa milisekunde 23. Kwa benki inayohudumia maelfu ya wateja kwa wakati mmoja, hizo zilikuwa milisekunde za thamani sana.

Lakini kasi ina bei, na kwa diski bei hiyo hulipwa kwa hewa. Sahani inapozunguka huburuta hewa iliyo jirani nayo. Nguvu inayopotea kwa mburuto huo hukua karibu na mchemraba wa kasi, yaani ukizidisha kasi maradufu unalipa karibu mara nane. Upana wa sahani ni mkali zaidi: nguvu hukua karibu na kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa hiyo wahandisi walizipunguza sahani. Ndani ya kasha lilelile la inchi 3.5, X15 ilikuwa na sahani ndogo za milimita 65 hivi, na mnunuzi alilipa zaidi akapata nafasi ndogo zaidi. Hata baada ya kupunguzwa, ukingo wa sahani hiyo ulikwenda kama mita 50 kwa sekunde, karibu kilomita 180 kwa saa, huku kichwa kikielea juu yake kwa umbali unaopimwa kwa nanomita. Mizunguko 15,000 kwa dakika ni 250 kwa sekunde. Mvumo wa mitetemo 250 kwa sekunde uko kwenye kimo cha sauti ya mwanamke anayezungumza. Weka diski ishirini za namna hiyo kwenye rafu moja, ongeza feni za kuzipoza, na utaelewa kwa nini watu wa vyumba vya seva waliongea kwa kupaza sauti.

Ndani ya mota kulikuwa na beringi za gololi za chuma. Gololi haiwi duara kamili, na kila kasoro yake ndogo hugeuka mtetemo. Kadiri beringi ilivyochakaa, mvumo uligeuka mluzi. Hapa ndipo lilipozaliwa sikio la fundi. Mtu aliyezoea diski aliweza kuegemeza ncha ya bisibisi kwenye kasha, akaweka sikio kwenye mpini, akakwambia hii bado au hii imekwisha. Ikawa elimu isiyoandikwa, kama ya makanika anayesikiliza injini.

Pamoja na elimu hiyo zikaja imani mbili zilizogongana. Wa kwanza walisema diski yenye kelele ni mbovu, au itakuwa mbovu karibuni. Wa pili walisema diski ya kasi, ingawa inapiga kelele, ni imara kuliko ya kawaida, kwa kuwa ni ghali na imetengenezwa kwa ajili ya seva. Kundi hili la pili lilikuwa na karatasi mkononi. Watengenezaji waliandika kwamba wastani wa muda kati ya hitilafu ni saa 1,000,000. Ukigawanya unapata miaka 114, na mnunuzi mwepesi wa kuamini angedhani anawarithisha wajukuu. Maana halisi ni kwamba katika diski nyingi zinazofanya kazi mwaka mzima, chini ya asilimia 1 zitaharibika. Ni ahadi kuhusu kundi. Kuhusu diski iliyo mbele yako haisemi lolote.

Wakati huohuo wenye kompyuta za nyumbani walianza kudai kimya. Wengine walizining'iniza diski zao kwa kamba za mpira ndani ya boksi ili mtetemo usifike kwenye bati. Viwanda vikasikia. Mwaka 2001 Seagate waliuza Barracuda ATA IV, ambayo mota yake haikuwa na gololi bali utando mwembamba wa mafuta, na mlio wake ikiwa imetulia uliandikwa kuwa beli 2.0, yaani desibeli 20, chini ya mnong'ono. Mwendo wa vichwa nao ulitulizwa. Kanuni za diski ziliwekewa sehemu ya kudhibiti sauti, ambapo mkono wa vichwa huanza na kusimama kwa upole zaidi, ukikubali kupoteza kasi kidogo. Kimya kikawa mali ya kugombaniwa mahakamani: mwaka 2000 kampuni ya Convolve pamoja na chuo cha MIT waliwashtaki Seagate na Compaq kuhusu hataza za kutuliza mitetemo, na kesi ikadumu miaka mingi. Waliotaka kasi nao hawakusahauliwa. Mwaka 2003 Western Digital waliuza Raptor, diski ya mizunguko 10,000 kwa ajili ya kompyuta za mezani, ikiwa na waranti ya miaka 5.

Katikati ya miaka hiyo ndipo diski moja ilipoiharibia sifa familia nzima. Deskstar 75GXP ya IBM iliingia sokoni mwaka 2000, mizunguko 7,200, ikasifiwa kwa kasi. Baada ya muda wenye nazo wakaanza kusikia mgongo wa saa ndani ya boksi: ta, ta, ta. Kichwa kilitafuta alama za kukielekeza kilipo, hakikuziona, kikarudi mwanzo, kikajaribu tena, bila kukoma. Watu wakaibadilisha jina wakaiita Deathstar. Mwaka 2001 kesi ya pamoja ya wateja ilifunguliwa Marekani na mwaka 2005 ikamalizwa kwa makubaliano. Kabla ya hapo IBM, waliovumbua diski ngumu, walikuwa wameshaiuza biashara yao yote ya diski kwa Hitachi. Mlio wa Deskstar ulisema kweli, lakini ulisema wakati wa msiba, si wakati wa ugonjwa.

Mimi mwenyewe nilikutana na swali hili kwa diski mbili. Mahojiano ya wazee wa bandari yalirekodiwa mwaka 2006 na mtafiti aliyenitangulia, na yaliwekwa kwenye seva ya zamani yenye diski mbili za mizunguko 10,000. Mradi ulikuwa umeambiwa kwamba diski za seva hazifi ovyo, kwa hiyo mafaili mengi yakaachwa hapo peke yake. Seva ilipokataa kuwaka, nilizibeba diski hizo kwa fundi mmoja Kariakoo, mtu wa makamo ambaye kibanda chake kimejaa maboksi yaliyofunguliwa. Ilimchukua wiki kupata kadi ya zamani ya kuziunganisha. Ya kwanza ilipiga mluzi mkali mpaka jirani akachungulia. Ya pili ilizunguka taratibu, kimya, kama mtoto aliyelala.

"Fundi, hii inayopiga kelele ndiyo iliyokufa?" nikamuuliza.

"Hapana, mdogo wangu. Anayelia yu hai. Mwogope huyu aliyenyamaza."

Ile ya mluzi tuliisoma yote. Ile ya kimya kompyuta haikuitambua kamwe. Ndani yake kulikuwa na mahojiano sita yasiyo na nakala, mojawapo la mzee aliyekuwa kijana wa kubeba magunia wakati wa mgomo wa bandari wa mwaka 1947. Mzee huyo alifariki miaka mingi iliyopita. Kilichobaki ni daftari la mtafiti lenye jina lake, tarehe, na muda wa mazungumzo: saa moja na dakika arobaini.

Ningeweza kuishia hapo na kuifanya kauli ya fundi kuwa sheria. Lakini diski mbili si ushahidi, ni bahati. Ushahidi ulipatikana Februari 2007, na kwa sadfa ya ajabu ulisomwa San Jose, mji uleule ulioizaa diski. Katika mkutano mmoja wa wataalamu wa kuhifadhi data ziliwasilishwa tafiti mbili, kila moja ikiwa imefuatilia diski zipatazo 100,000 au zaidi.

Utafiti wa Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliuliza saa 1,000,000 zina maana gani kwa mtumiaji. Kwa karatasi za viwanda, diski zilizopaswa kubadilishwa kwa mwaka zisingezidi asilimia 0.88. Walichokuta ni kwamba kwa kawaida zilizidi asilimia 1, mara nyingi zilikuwa kati ya 2 na 4, na mahali pengine zilifika 13. Kisha likaja jambo lililowauma wanunuzi wa seva. Diski ghali za kasi, za mizunguko 10,000 na 15,000, hazikuonyesha uimara ulio wazi kuliko diski za bei nafuu. Kasi walikuwa wameinunua kweli. Uimara waliudhania tu.

Utafiti wa pili ulikuwa wa Google, wa Eduardo Pinheiro na wenzake. Wao waliangalia ishara ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, mfano makosa ya kusoma na sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Ishara hizo zilikuwa na maana: diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hata moja kati ya ishara nne zenye nguvu zaidi. Yaani zaidi ya nusu ziliondoka bila kuaga. Ikiwa vipimo vya ndani ya diski yenyewe haviwezi kutabiri kifo, sikio la binadamu juu ya mpini wa bisibisi lina nafasi gani?

Kuna upande mwingine wa uhusiano huu ambao ulinishangaza zaidi. Mara nyingine diski haitoi kelele bali inaumizwa nayo. Siku ya mwisho ya mwaka 2008 ilitoka video ya Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, akizipigia ukelele diski za seva kwa karibu, huku grafu ikionyesha zikichelewa kujibu. Mtetemo wa sauti yake ulikivusha kichwa nje ya mstari wake mwembamba, na diski ikalazimika kungoja na kujaribu tena. Mwaka 2016 jambo hilo liliacha kuchekesha. Septemba 10, Benki ya ING mjini Bucharest ilifanya majaribio ya mfumo wa kuzimia moto kwenye kituo chake cha data. Gesi ilitoka kwa shinikizo kubwa, ikapiga kelele iliyozidi desibeli 130, na diski zikaharibika. Kadi, mashine za kutolea pesa na huduma za mtandao zilisimama kwa takriban saa 10. Moto haukuwepo. Sauti ya kinga ya moto ndiyo iliyounguza. Na mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kisa cha zamani cha laptopu zilizozimika wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", ulipopigwa, hata kwenye laptopu ya jirani, kwa kuwa ulibeba mtetemo uleule wa asili wa diski zao.

Tukirudi kwenye swali, naona jibu limekaa katikati ya imani zote mbili. Mlio wa diski ulikuwa ushahidi wa kweli wa mambo machache: kasi, hewa, beringi, kichwa kilichopotea njia. Makosa yalikuwa kuufanya shahidi wa mambo yote. Aliyesikia mluzi akatupa diski nzima alipoteza pesa. Aliyesikia kimya akatulia alipoteza zaidi.

Sasa kimya ndicho kilichoshinda. Hakuna aliyewahi kuuza diski yenye kasi zaidi ya mizunguko 15,000. Kabla mtu hajafika huko, SSD, ambazo hazina sahani wala mota, ziliichukua kazi ya haraka yote. Diski za kuzunguka zilibaki kwenye kazi ya kubeba mzigo mkubwa, na tangu mwaka 2013 nyingine zimejazwa heliamu badala ya hewa, gesi yenye uzito wa moja ya saba tu ya hewa, ili mburuto upungue. SSD nazo huchakaa kwa kuandikwa, na chipu inayoziongoza ikifa, kila kitu hupotea kwa mara moja, pasipo kugonga wala kupiga mluzi. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo wenyewe huusikii, unaugundua tu siku unapofungua faili.

Tenzi za kale za Pate na Lamu hazikutufikia kwa sababu karatasi ya pwani ni imara. Unyevu na wadudu viliila kama vinavyoila leo. Zilitufikia kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa wakazinakili kwa mkono, nakala baada ya nakala, wakati nakala ya zamani bado inasomeka. Hao hawakuwa wakingoja karatasi iwaambie inakaribia kufa. Mahojiano ya wazee wa bandari yaliyobaki sasa yako kwenye nakala tatu, moja ikiwa nje ya Dar es Salaam, na kila baada ya miezi sita tunafungua faili kadhaa za kila nakala na kuzisikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho.